Walioichezea picha ikiwa bado mbichi

Mei 1980 mwanamuziki wa Uingereza, Peter Gabriel, alitoa albamu yake ya tatu. Kama mbili zilizotangulia, nayo haikupewa jina zaidi ya jina lake mwenyewe, lakini mashabiki wakaibandika jina la "Melt" (yeyuka) kwa sababu ya jalada lake. Nusu ya uso wa Gabriel imetulia kama ya mtu yeyote aliyekwenda studio kupiga picha. Nusu ya pili inachuruzika kuelekea kidevuni, nyama na ngozi zikiwa zimepoteza mahali pake.

Anayeliona jalada hilo leo anaweza kudhani ni kazi ya kompyuta. Hapana. Gabriel na wabunifu wa kampuni ya Hipgnosis ya London walipiga picha za Polaroid, kisha kabla hazijakauka wakaanza kuzibonyeza na kuzisugua kwa chochote butu kilichokuwa karibu: vidole, sarafu, njiti za kiberiti. Storm Thorgerson, mmoja wa waasisi wa Hipgnosis, hakudai kuwa wazo ni lake. Alisema limetoka kwa Mmarekani Les Krims, aliyekuwa ametoa kitabu kizima cha picha za namna hiyo mwaka 1975.

Ufundi huu ulidumu takriban miaka 30. Haukuwa na chuo wala cheti, na vifaa vyake vyote vilienea kwenye droo ya jikoni. Ulitegemea kitu kimoja tu, nacho ni udhaifu wa bidhaa ya kiwandani: picha iliyouzwa kwa sifa ya kutoka papo hapo, kumbe ndani yake ilibaki laini kwa saa kadhaa baada ya kutoka. Sanaa yote iliishi ndani ya muda huo mfupi. Bidhaa ilipokoma kutengenezwa, ufundi nao ukaenda, bila mtu yeyote kuupiga marufuku.

Ndani ya ule mraba

Ili kuelewa kilichokuwa kikifanyika, lazima tuifungue picha yenyewe.

Kampuni ya Polaroid ya Cambridge, Massachusetts, ilianza kuuza kamera za papo hapo mwaka 1948. Mwasisi wake, Edwin Land, alikuwa mvumbuzi aliyeacha masomo Harvard, na mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia mwaka 1943 wakiwa mapumzikoni Santa Fe, binti yake mdogo alipouliza kwa nini hawezi kuiona picha aliyopigwa wakati ule ule. Kwa zaidi ya miaka 20 jibu la Land lilikuwa filamu ya kubandua: unaivuta kutoka kwenye kamera, unasubiri, unatenganisha karatasi mbili, moja ni picha na nyingine ni takataka yenye kunata. Land hakuipenda takataka hiyo. Alitaka picha isiyodai chochote kwa mpigaji, isiyobanduliwa wala kuacha uchafu.

Mwaka 1972 akaitoa SX-70. Ilikuwa kamera inayokunjwa ikalala bapa na kuingia mfuko wa koti, na bei yake ilikuwa dola 180, fedha nyingi kwa wakati ule. Pakiti ya picha kumi iliuzwa dola 6.90, na ndani ya kila pakiti mlikuwa na betri nyembamba ya kuiendesha kamera, hivyo kila aliyenunua filamu alikuwa amenunua na umeme wake. Ukibonyeza, mashine inanguruma na kuitema picha mkononi mwako. Inatoka haina kitu. Kisha taratibu, mchana kweupe, sura zinaanza kujitokeza.

Kinachofanya kazi hiyo kimefichwa kwenye ule ukingo mpana wa chini, ambao wengi hudhani umewekwa kwa ajili ya kuandikia tarehe. Mle ndani mna kifuko chenye uji mzito. Picha inapopita kati ya rola mbili za chuma, kifuko kinapasuka na uji unatandazwa katikati ya matabaka ya filamu. Uji ule ni mkali, wa jamii ya magadi ya kutengenezea sabuni, na umechanganywa na unga mweupe wa titani, ule ule unaotiwa kwenye rangi za kuta. Chini yake yako matabaka yaliyonasa mwanga, kila moja likiwa na rangi yake: njano, waridi na samawati. Palipopigwa na mwanga, rangi inanaswa hukohuko chini. Pasipopigwa, rangi inapanda, inapenya uji na kwenda kutua kwenye tabaka la juu kabisa, chini ya plastiki angavu unayoitazama. Weupe unaouona kwenye picha ya SX-70 ni huo unga wa titani. Rangi zimeelea juu yake.

Kwa hiyo baina ya plastiki ya mbele na mgongo wa picha palikuwa na kitu kibichi. Mbele plastiki ngumu, nyuma plastiki ngumu, katikati jeli na uji ambao unyevu wake haukuwa na pa kutokea. Ukibonyeza kwa ncha butu, plastiki haikupasuka, ila kilichokuwa chini yake kilisogea.

Mabingwa wa kazi hii walijifunza kusoma saa. Mstari uliochorwa dakika za mwanzo, rangi zikiwa bado zinapanda, ulitoka na giza. Uliochorwa baadaye, rangi zikishatua, ulisukuma jeli pembeni na kuuacha weupe wa titani ukionekana. Aliyetaka kuzungushia jengo mstari mweusi alianza mapema, na aliyetaka kulifanya anga lijae mikunjo alisubiri. Joto lilikuwa sehemu ya kazi, kwani picha iliyopoa iligoma, na dawa yake ilikuwa kuilaza juu ya kitu chenye uvuguvugu mpaka ilegee. Wengine waliweka picha kwenye friji ili waikute kesho yake ikiwa bado inakubali mkono.

Na vifaa? Sindano ya kufumia, kijiti cha kusafishia kucha, peni iliyokwisha wino, mpini wa brashi, vyuma vya daktari wa meno kwa aliyeweza kuvipata. Ncha kali ilikwaruza plastiki na kuacha kovu la kudumu. Ncha nene kupita kiasi ilivuruga sura nzima. Mkono mzito ulijulikana mara moja, kwa sababu picha ilijaa mabaka meupe yasiyo na maana. Majani, maji, kuta za mawe na nguo vilikubali kusuguliwa kwa mistari mifupi mifupi, na picha ikaanza kufanana na iliyopakwa kwa brashi. Nyuso zilikuwa ngumu zaidi. Ukikosea jani hakuna atakayejua, lakini ukikosea jicho la mtu kila atazamaye ataona.

Hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Picha ya SX-70 haina negativu. Iliyopo ni hiyo hiyo moja. Mstari ukishaingia, umeingia.

Walikuwapo waliopitia mgongoni. Katika miaka hiyo ya 1970 John Reuter, ambaye baadaye alikuja kuiendesha studio ya kamera kubwa ya Polaroid, aliifungua picha kwa nyuma, akakwangua sehemu za utando, kisha akapaka rangi na kupachika vipande vya picha nyingine mahali palipobaki wazi. Njia hiyo ilidai tahadhari, maana uji ule ukigusa ngozi unaunguza.

Mtu na jiko lake

Jina linalotajwa kwanza katika sanaa hii ni Lucas Samaras. Alizaliwa Kastoria, kaskazini mwa Ugiriki, mwaka 1936, akakulia katikati ya vita kuu na kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1948 akahamia Marekani na familia yake. Alisoma Chuo Kikuu cha Rutgers. Mwaka 1964 alikihamisha chumba chake cha kulala, kitanda na vikorokoro vyote, akakipanga upya ndani ya jumba la maonyesho la New York kama kazi ya sanaa. Hilo linatosha kueleza alikuwa mtu wa namna gani: malighafi yake ilikuwa yeye mwenyewe.

Kati ya 1969 na 1971 alijipiga mamia ya picha kwa Polaroid ya kubandua, nyingi akizijaza vinukta vya wino. SX-70 ilipotoka, alipata kifaa kilichomfaa kuliko vyote. Kuanzia 1973 hadi 1976 alitengeneza mfululizo anaokumbukwa nao zaidi, "Photo-Transformations".

Studio yake ilikuwa jiko la fleti yake pale Manhattan. Aliwasha taa za rangi, nyekundu upande huu na kijani au bluu upande ule, akasimama, akakaa au akajilaza kati ya jiko la kupikia na kabati, mara nyingi bila nguo, na kamera ikampiga. Kisha akaichukua picha na kuishambulia kabla haijakaza. Katika moja mwili umegeuka mawimbi, umebaki uso peke yake ukipiga kelele. Katika nyingine mkono unaotoka gizani ni mkubwa kuliko kiwiliwili, au ngozi imechorwa mistari mpaka haijulikani mtu anaishia wapi na sakafu inaanzia wapi. Kila moja ina upana usiozidi sentimeta nane.

Udogo huo una maana yake. Picha za Samaras zikikuzwa kwenye vitabu hupoteza kitu. Zilifanywa kwa umbali wa mkono na jicho, na zinataka kutazamwa kwa umbali huo huo, kama mtu anavyoisoma hirizi. Wako wahakiki waliomwona kama mtu anayejipenda kupita kiasi, na sitawabishia sana, maana mtu anayejipiga picha peke yake jikoni kwa miaka mitatu hawezi kukwepa shutuma hiyo. Lakini mwenye kujipenda tu angejipamba. Samaras alijiharibu, na alijiharibu kwa kipaji cha mchoraji anayejua hasa mstari mmoja uwekwe wapi ili shingo igeuke moshi.

Polaroid yenyewe haikukasirishwa na vurugu hizi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 Land alikuwa amemwajiri mpiga picha Ansel Adams kama mshauri, na baadaye kampuni ikawa na utaratibu wa kuwagawia wasanii kamera na filamu, nayo ikibaki na baadhi ya kazi zao kwa ajili ya hazina yake. Kampuni iliyouza utulivu wa kupiga picha bila kuchafua mikono ikajikuta inawafadhili watu waliochafua mikono kwa makusudi.

Takataka ya mpiga picha za pasipoti

Wasomaji waliopiga picha za pasipoti miaka ile ya mwisho ya karne iliyopita huenda wanaikumbuka ile kamera yenye lenzi nne. Unakaa kwenye kiti, kitambaa cheupe nyuma yako, unaambiwa uinue kidevu. Flashi inawaka mara moja, mpiga picha anavuta karatasi kutoka ubavuni mwa kamera, anaangalia saa yake, kisha anabandua: nyuso nne zinazofanana, bado zina harufu ya dawa. Anachukua mkasi. Karatasi ya pili, ile nyeusi yenye ute, inatupwa kwenye ndoo.

Kwa kundi jingine la mafundi wa Polaroid, karatasi ile ya ndooni ndiyo iliyokuwa mali. Miongoni mwa wa kwanza kuitumia alikuwa Rosamond Purcell wa Massachusetts, aliyefanya majaribio yake kwenye kamera kubwa ya Polaroid, ile ya picha za inchi 20 kwa 24. Siri ilikuwa kutosubiri. Badala ya kuacha dakika nzima ipite, unabandua mapema, baada ya sekunde 10 au 15, rangi nyingi zikiwa bado hazijahama. Unailaza negativu juu ya karatasi nzito ya kuchorea, ambayo umeilowesha na kuifuta maji ya juu, unapitisha rola ya mkono ya raba kwa nguvu iliyo sawa, unasubiri kama dakika mbili, halafu unainua kona moja polepole. Rangi zilizokuwa ziende kwenye picha rasmi zimeingia kwenye nyuzi za karatasi. Zimefifia kidogo, kingo zimekatikakatika, na mara nyingine kipande cha utando kimebaki kwenye negativu na kuacha kidonda cheupe katikati ya picha. Wengine walikipenda kidonda hicho kuliko picha yenyewe.

Njia ya tatu ilikuwa ya maji ya moto. Picha iliyokwisha kukauka ililoweshwa kwenye maji ya nyuzi joto kama 70 kwa dakika nne hivi, mpaka utando wenye picha ukaanza kuachana na karatasi yake. Ukihamishiwa kwenye maji baridi, unaelea kama utando wa maziwa yaliyochemka, mwepesi, unajikunja ukipumuliwa. Unauokota kwa ncha za vidole, unautandaza juu ya karatasi, kioo, mbao au jiwe, na unaamua mwenyewe mikunjo ipi inyooshwe na ipi iachwe. Picha ya ukuta ulionyooka inaweza kutoka na wimbi, na picha ya mtu ikapata mikunjo asiyokuwa nayo.

Robert Rauschenberg, mmoja wa wasanii wakubwa wa Marekani, alikwenda mbali zaidi mwishoni mwa miaka ya 1980. Alichukua picha kubwa za Polaroid, nyeusi na nyeupe, akazipaka dawa ya kung'arishia kwa brashi, akila sehemu za picha kwa kemikali mpaka zikabaki rangi ya kahawia na madoa.

Uso usioruhusiwa kubadilika

Katika miaka hiyo hiyo ya sanaa, picha ya papo hapo ilikuwa na ajira nyingine, na sisi Waafrika tukiizungumzia Polaroid hatuwezi kuiruka.

Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilimlazimu kila Mwafrika mtu mzima kubeba kitabu cha pasi, ndugu wa kile kipande alichobebeshwa Mkenya enzi za ukoloni wa Mwingereza. Kitabu kilihitaji uso, na mashine ya Polaroid ya kutengenezea vitambulisho iliutoa uso huo kwa muda mfupi sana, bila chumba cha giza. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid huko Cambridge, mkemia Caroline Hunter na mpiga picha Ken Williams, walikuta ndani ya jengo la kampuni sampuli ya kitambulisho cha idara ya migodi ya Afrika Kusini. Wakaanzisha vuguvugu la wafanyakazi kuitaka kampuni iondoke nchini humo, na Februari 1971 walitoa ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwezi huo huo Hunter alifukuzwa kazi.

Polaroid ilikuwa imetangaza kwamba haitaiuzia tena serikali ya makaburu. Mwaka 1977 ikafichuka kuwa wakala wake wa Afrika Kusini alikuwa akiendelea kuuza kwa siri, na Novemba mwaka huo kampuni ikakata uhusiano. Miezi miwili kabla, Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi huo, alikuwa ameuawa mikononi mwa polisi. Na wimbo unaofunga ile albamu ya Gabriel yenye uso unaochuruzika unaitwa "Biko".

Sidhani kama Gabriel au Thorgerson walikuwa wakiifikiria Polaroid ya Pretoria walipokuwa wakisugua picha yao London. Filamu yenyewe haikuwa aina moja. Hata hivyo, vitu hivi viwili vikiwekwa pamoja vinaeleza mengi. Polisi waliipenda picha ya papo hapo kwa sababu haikumpa mtu muda, maana uso ulipigwa, ukabanduliwa na kufungwa kitabuni, na mwenye uso hakuwa na la kusema. Samaras na wenzake waliipenda kwa sababu iliwapa muda kidogo, saa chache tu, ambamo uso ulikuwa bado haujawa rasmi. Kampuni moja iliwauzia wote.

Jinsi ilivyokwisha

Mwaka 1980 Polaroid ilitoa filamu mpya ya SX-70 iliyoitwa Time-Zero. Rangi zake zilikuwa angavu zaidi na picha ilijitokeza haraka zaidi. Jina lilijisifu kwamba hakuna tena kusubiri, lakini tumbo lake lilibaki laini kuliko watangulizi wake wote, na hiyo ndiyo ikawa filamu kipenzi ya wasuguaji kwa miaka 25. Mwaka uliofuata ikaja familia ya kamera za 600, rahisi, za plastiki, zilizouzwa kwa mamilioni. Filamu yake ilikaza mapema. Ungeweza kuibonyeza mpaka kidole kiume, na usione kitu zaidi ya kovu kwenye plastiki.

Wateja wa kawaida hawakulalamika. Nani anunue picha ya sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto akitarajia kuisugua kwa sindano? Waliobaki na SX-70 zao kuukuu wakawa kundi dogo, wengi wao walimu wa sanaa na wapiga picha za matangazo na kadi. Mwaka 1997 Kathleen Thormod Carr alitoa kitabu cha mwongozo wa kuhamisha picha na utando, na 2002 akatoa kingine kilichojumuisha usuguaji wa SX-70. Usuguaji uliokuwa ukipokezanwa kwa mdomo ukapata maandishi wakati ambapo kampuni iliyoutegemeza ilikuwa imekwisha kufilisika mara ya kwanza, Oktoba 2001, kamera za kidijitali zikiwa zimeanza kuingia kila mahali.

Kufikia 2006 Time-Zero haikuwapo tena kwenye orodha ya bidhaa. Februari 2008 Polaroid ikatangaza kuacha kabisa kutengeneza filamu za papo hapo. Desemba mwaka huo ikafilisika tena, safari hii kwa sababu mmiliki wake wa wakati huo, Tom Petters, alikuwa akiendesha utapeli wa mabilioni ya dola uliompeleka gerezani. Ili kulipa madeni, Juni 2010 sehemu ya ile hazina ya picha za wasanii ilipigwa mnada Sotheby's, New York. Picha ambazo wasanii walizitoa kwa kampuni kwa kubadilishana na filamu zikatawanywa kwa wanunuzi binafsi. Wengi walichukia, na nadhani walikuwa na haki.

Kiwanda cha mwisho kilikuwa Enschede, Uholanzi. Mwaka 2008 Florian Kaps kutoka Vienna na André Bosman, aliyekuwa mhandisi wa kiwanda hicho, walinunua mashine zilizobaki na kuajiri kundi dogo la wafanyakazi wa zamani. Wakauita mradi wao Impossible, yaani "haiwezekani", na jina halikuwa mzaha. Kemikali nyingi za Polaroid hazikuwa zikitengenezwa tena na mtu yeyote, kwa hiyo walilazimika kuibuni filamu upya kuanzia mwanzo. Filamu zao za kwanza za 2010 zilikuwa na hofu ya mwanga. Picha ilipotoka ulipaswa kuificha mara moja la sivyo inaungua. Miaka ikapita, filamu ikatulia, na mwaka 2020 kampuni hiyo ikachukua jina la Polaroid lenyewe.

Hapo ndipo wasuguaji walipopata jibu lisilowapendeza. Filamu ya leo ya Polaroid haina haraka hata kidogo. Ya rangi huchukua kama robo saa kujitokeza, muda mrefu kuliko SX-70 ya miaka ya 1970. Ungedhani humo kuna nafasi ya mkono. Lakini muda wa kusubiri na ulaini wa jeli ni mambo mawili tofauti. Filamu mpya haisogei kama ile ya zamani. Ukiibonyeza mapema unapata madoa na nyufa, na mchoro unaoukusudia haupatikani. Wako wanaoyapenda madoa hayo na kuyafanyia kazi, sawa, ila huo ni mchezo mwingine.

Filamu za kubandua nazo zikafuata. Baada ya Polaroid kuacha, Fujifilm iliendelea na FP-100C yake, tegemeo la wapiga picha za pasipoti wa dunia nzima, hadi 2016 ilipotangaza kuisimamisha. Kaps alijaribu tena kupitia duka lake la Vienna, akitengeneza kwa mikono pakiti ndogo zenye picha moja moja kwa bei ya kitu cha anasa. Instax ya Fujifilm, ile inayoonekana siku hizi hata kwenye harusi za mjini, ni imara na ya bei nafuu kidogo, na uimara huo ndio unaomnyima msuguaji kazi.

Kilichosalia ni kuinua utando, ile njia ya maji ya moto. Picha mpya ya Polaroid inakatwa fremu yake, mgongo mweusi unabanduliwa, plastiki ya mbele inalazwa kwenye maji ya moto, na kwa brashi laini unga mweupe wa titani unaoshwa mpaka maji yageuke maziwa. Kinachobaki ni rangi tupu kwenye utando mwembamba, tayari kwa karatasi. Video za kufundisha ziko tele mtandaoni, na wanaoifanya wengi ni vijana ambao SX-70 ya kwanza ilitoka kabla wazazi wao hawajazaliwa. Pakiti moja ina picha nane, na kila picha inagharimu zaidi ya dola mbili, hivyo kila utando unaopasuka ndani ya beseni unauma.

Kazi za zamani zenyewe haziko salama sana. Picha za SX-70 hupata nyufa ndani kwa ndani na weupe wake huelekea njano. Kwa kuwa hazina negativu, makumbusho huziweka gizani na kuzionyesha kwa vipindi. Na walioziunda nao wanaondoka: Samaras alifariki New York Machi 2024, akiwa na miaka 87.

Pakiti za Time-Zero zinauzwa bado kwenye minada ya mtandaoni, kwa wakusanyaji. Mpya kuliko zote ina umri wa karibu miaka 20. Betri imekufa, na uji umekauka ndani ya kifuko. Vitabu vya Carr ndivyo vilivyoishi zaidi. Nakala zilizotumika hupatikana kwa bei ya kawaida. Sura za SX-70 hazina tena filamu ya kuzifanyia kazi, na anayetaka kujifunza anaweza kuziruka aende moja kwa moja kwenye zile za maji ya moto.